Kiti cha Baiskeli Hakijui Utu Uzima

Nilipotangaza kwamba mimi, mtu wa miaka 52 mwenye kitambi kinachonitangulia kila ninapoingia, nitaivuka nchi kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, watu walinionya kuhusu milima, malori na mbwa. Hakuna hata mmoja aliyenionya kuhusu kiti. Uzito wote wa mwili huangukia mifupa miwili ya makalio ambayo, kwa nusu karne, sikuwa na habari kwamba ninayo. Siku ya tatu ningeweza kukuchorea ramani yake. Kuna kaptula maalumu yenye sifongo, na muuzaji alinieleza bila kupepesa macho kwamba huvaliwa bila nguo ya ndani. Nikadhani ananitania, nikavaa na ya ndani, na mishono yake ikanikwangua hadi jioni.

Baada ya kiti, upepo. Mlima una adabu: unauona kwa mbali, unaupanda huku ukitukana kimoyomoyo, kisha unakulipa kwa mteremko. Upepo wa mbele haulipi mtu. Hata siku isiyo na upepo, ukitaka kwenda kwa kasi maradufu, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne na nguvu inayotakiwa miguuni karibu mara nane. Hesabu hiyo niliifaulu shuleni, ila sikujua kwamba wa kuja kuilipa ni magoti yangu. Juzi barabara ilikata kona, nikashangilia kwamba sasa nitasukumwa kwa nyuma. Upepo nao ukakata kona.

Usiku hujifariji kwa kumkumbuka Thomas Stevens, Mwingereza aliyeivuka Marekani mwaka 1884, kutoka San Francisco hadi Boston, juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele. Faraja hiyo hudumu mpaka nikumbuke kwamba alikuwa na miaka 29, na kwamba matairi yake yalikuwa ya mpira mtupu, kwa hiyo pancha hakuijua.

Mimi naijua. Jana mchana ilikuwa gurudumu la nyuma, lile lenye cheni na gia, maana la mbele halina tabia ya kumwonea mtu. Nilichomoa tyubu, nikaijaza, nikaizungusha taratibu karibu na midomo ili niisikie pumzi ya tundu, kwa sababu kuliona nisingeweza: miwani ya kusomea ilikuwa chini kabisa ya begi, na ilinibidi nianike soksi na kaptula zangu zote kando ya barabara ndipo niipate. Nikasugua msasa, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke, nikabandika kiraka kwa ustadi nisiotegemea kuuona tena maishani, kisha nikapiga pampu hadi bega likaomba talaka. Sikufika mita mia. Mwiba ulikuwa bado umekaa ndani ya tairi, palepale nilipouacha.