Wasichana hawakulalamika, waliondoka

Bustani ya mtaa inapofika zamu ya kufanyiwa ukarabati, mabishano huwa yaleyale. Kuna wanaosema apewe kazi mbunifu, achore, mkandarasi ajenge, watoto wacheze. Na kuna wanaosema bustani ni ya wakazi, waulizwe kwanza. Mimi niko na hawa wa pili, na inaniuma kuona hoja yao ikichukuliwa kama suala la adabu tu, eti wakazi waitwe ili baadaye wasinung'unike. Hoja yenyewe ni nzito kuliko hivyo. Lakini wale wa kwanza nao wana ukweli wao, na ni haki usemwe.

Kwanza kuna usalama. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kuchezea, EN 1176, kinauhesabu uwazi wa kati ya milimita 89 na 230 kuwa mtego: mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikakwama. Kiwango hichohicho kimeweka kikomo cha mita 3 kwa kimo ambacho mtoto anaweza kuanguka kutoka kwenye kifaa. Mambo haya hayapigiwi kura, na anayewaambia wakazi kwamba yanaamuliwa kwa kunyoosha mikono anawadanganya.

Pili kuna muda. Maoni yanakusanywa, yanaandikwa upya, kamati inavunjika, inaundwa nyingine, mwaka wa fedha unakwisha na mnyororo wa bembea bado umekatika. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 mradi ulipotangazwa anaweza kuwa na 9 siku ya uzinduzi.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Mkutanoni husikika mwenye sauti. Mwenye gari anataka maegesho, mwenye nyumba inayopakana na bustani anataka kimya, vijana wa mpira wanakuja kwa kundi na wanataka uwanja. Mbunifu anaondoka na orodha ndefu, kila kitu anakipa kona yake, na bustani inakosa hata mahali pa kukaa kivulini. Hili silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni hitimisho linalovutwa kutoka hapo, kwamba kwa kuwa mkutano unapotosha, basi wakazi wasiulizwe.

Tuangalie Vienna, mji mkuu wa Austria. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walichunguza ni nani hasa wanaotumia bustani za mji huo. Mpaka umri wa miaka 9 hivi, wasichana na wavulana walikuwepo wote. Baada ya hapo idadi ya wasichana ilishuka kwa kasi, ya wavulana ikabaki. Ilionekana kwamba penye eneo moja kubwa la wazi, pande mbili zikiligombania, wavulana ndio hulichukua. Wasichana hawakuendelea kugombania. Waliondoka.

Umri huo nimeufikiria sana. Msichana wa miaka 10 haandiki barua manispaa. Mkutanoni hafiki, na hata akifika hapewi kipaza sauti. Huenda ukimuuliza kama bustani ni nzuri atakujibu ni nzuri. Siku moja anabaki nyumbani, kesho yake anabaki tena, na mama yake anadhani amekua, michezo imemtoka. Rafiki yake anakuja bustanini, hamkuti, naye anarudi. Wiki ya tatu hayupo hata mmoja, na hakuna daftari popote lililoandika kwamba kuna mtu ameondoka. Aliyechora uwanja ule anaweza kuwa alipima kila kitu sawasawa, maana kwenye karatasi eneo la wazi ni la kila mtu. Ni lazima usimame pale saa kumi na moja jioni ndipo uone ni la nani.

Mwaka 1999 mji ulianza kuzibadilisha bustani mbili, Einsiedlerpark na St. Johann Park. Mabadiliko yalikuwa ya kawaida kabisa: njia za kutembea zikaongezwa na kurahisishwa, maeneo makubwa ya wazi yakagawanywa kwa mimea na mpangilio wa ardhi, vikawekwa viwanja vya mpira wa wavu na wa vinyoya. Makundi mbalimbali ya wasichana na wavulana yakaanza kuzitumia bustani hizo bila kundi moja kulisukuma jingine nje.

Msomaji makini ataniuliza: huo si utafiti wa wataalamu? Wakazi wanaingia wapi? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba tumeuchanganya mkutano na kusikiliza. Mkutano ni njia moja tu, tena humfaa zaidi mtu mzima mwenye nafasi jioni na asiyeogopa kusimama mbele ya watu. Kuhesabu nani yupo na nani hayupo nako ni kusikiliza. Kwenda hadi mlangoni kwa aliyeacha kuja ni kusikiliza zaidi. Wasichana wale walikuwa wameshatoa maoni yao kwa miguu, ikabaki mtu wa kuyasoma.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushirikishwaji wa wananchi yenye vipandio 8. Kupewa taarifa na kuombwa maoni havikufika hata juu. Aliviweka katikati, pamoja na kutulizwa, akavihesabu kuwa ushirikishwaji wa jina tu, kwa sababu anayeomba maoni bado ana uhuru wa kuyatupa. Mikutano mingi ya bustani imeganda hapo. Mchoro umeshabandikwa ukutani, miti ni viduara vya kijani, na swali lililobaki kwa wakazi ni rangi ya bembea. Wakijibu rangi, inasemwa hawakuwa na la maana la kusema.

Ila nenda bustani yoyote ya zamani jioni baada ya mvua. Chini ya bembea kuna shimo lililochimbwa na miguu ya watoto, na maji yamejaa. Anakuja mtoto na viatu vya shule, anasimama ukingoni, anauvuta mnyororo, anajaribu kupanda kwa ubavu, anashindwa, anaiachia. Bibi aliyemleta amekaa kwenye ukingo wa saruji, kwa sababu benchi lililo karibu limeelekezwa barabarani na bembea limeipa mgongo. Njia iliyosakafiwa inazunguka, na katikati ya nyasi kuna kijia cha udongo kinachokwenda moja kwa moja hadi lango la pili. Mbunifu akija na kamera saa nne asubuhi wakati wa kiangazi hakuti mtoto, shimo limekauka, na lile benchi linapendeza pichani. Yule bibi anajua maji yanakaa wapi, benchi ligeuzwe wapi na watu wanapita wapi, na ramani ya mbunifu haina hata moja kati ya hayo.

Kugawana kazi kunawezekana. Amsterdam, Uholanzi, kuanzia 1947 hadi 1978, msanifu majengo Aldo van Eyck alibuni zaidi ya viwanja 700 vya watoto. Wakazi waliiandikia manispaa wakionyesha kipande kilichokaa bure mtaani kwao, na yeye akachora: shimo la mchanga, vyuma vya kubingirikia, mawe ya kurukia. Mkazi hakutakiwa kujua unene wa chuma, na msanifu hakutakiwa kubahatisha watoto wa mtaa fulani wanakosa wapi pa kucheza. Hata hoja ya muda inapungua nguvu hapo, kwa kuwa barua ya mtu anayejua anachokitaka huwa fupi.

Mtaa wowote unaotengeneza upya bustani yake ningeushauri uanze na daftari na jioni 7, zikiwemo za mvua na za mwisho wa wiki. Watu wawili wakae, waandike wanaokuja ni wa umri gani, wavulana au wasichana, wanakaa wapi, wanaondoka baada ya muda gani. Kisha waende, mbunifu akiwa nao, wakaongee na wale wa miaka 10 ambao daftari halikuwaona, wawaulize huwa wanafanya nini saa hiyo na wangependa kuwa wapi. Milimita 89 na 230 aachiwe yeye mwenyewe. Lakini mchoro wa kwanza usibandikwe ukutani kabla hawajarudi kutoka huko.