Flashi ya injini kabla ya kumwaga oili: gari nyingi haziihitaji

Naomba niseme wazi maana naona hii biashara inakua kila siku hapa Dodoma. Gari inayomwagwa oili kwa wakati haihitaji flashi ya injini, ile dawa ya kichupa ya kuosha injini ndani, haihitaji kabisa. Na ile ambayo haikumwagwa kwa wakati, ile ambayo kweli ndani kumejaa tope, ndiyo hiyo hiyo kile kichupa kinaweza kuiua. Ukiangalia vizuri waliobaki wa kuuziwa ni wachache sana, lakini ingia gereji za Kizota au Majengo uone, karibu kila anayekuja kufanya servisi anaambiwa "bosi tuweke flashi kwanza isafishe ndani", na watu wanakubali maana nani anataka kusikia injini yake ni chafu.

Tuelewane kwanza ile dawa ni nini. Sehemu kubwa ni kimiminika chepesi cha jamii ya mafuta ya taa kimechanganywa na sabuni za kuyeyusha uchafu, unakimimina kwenye oili ya zamani, unawasha gari inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta dakika 5 mpaka 15 kutegemea na maelezo ya chupa, halafu unamwaga vyote kwa pamoja. Muda wote huo oili yako imekuwa nyepesi kuliko injini inavyotaka, ndo maana chupa nyingi zinakukataza kuendesha gari dawa ikiwa ndani. Na usidhani ukimwaga inaisha yote. Hakuna injini inayotoa oili yote kwa kufungua bolti ya sampu tu, lile karai la oili chini ya injini, kuna inayobaki kwenye njia za ndani, kwa hiyo kiasi cha ile dawa kinabaki pia na kinaenda kuchanganyika na oili mpya uliyoinunua kwa hela yako. Wale wanaoosha injini kwa dizeli ndo wanaharibu zaidi.

Kingine ambacho watu hawaambiwi, oili yenyewe tayari ina sabuni. Oili nzuri ya leo, yenye alama ya ubora ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, daraja la SN la mwaka 2010 au SP la 2020, imewekewa viungo vya kusafisha na viungo vya kuushika uchafu uelee usigande, kazi hiyo inaifanya kila siku unapoendesha. Mtu anachomoa stiki ya kupimia oili anaona nyeusi anashtuka, na hapo hapo anauziwa flashi, wakati weusi ule unaonyesha uchafu umeshikwa na oili na utatoka nayo ikimwagwa.

Kuna fundi mmoja namheshimu sana, mikono yake naiamini, na kwenye hili tunabishana kila tukionana. Yeye anasema "kaka ukiweka flashi oili inatoka nyeusi zaidi, we huoni inasafisha?" Sasa mimi namuuliza, nyeusi zaidi kuliko ipi, maana gari hiyo hiyo siku hiyo hiyo hatukuimwaga bila flashi tukalinganisha. Ila namwelewa pia, hela ya ufundi wa kumwaga oili ni ndogo mno, na yule ana familia, kile kichupa ndo kinamwachia faida kidogo. Kwa maoni yangu ni bora tuwalipe mafundi ufundi wao vizuri kuliko kuwalazimisha kuishi kwa kuuza vichupa.

Sasa niseme kuhusu gari zenye tope kweli, maana hapa ndo roho inaniuma. Shemeji yangu alinunua Noah mkononi kwa mtu, historia ya servisi haijulikani, akaipeleka gereji wakamwekea flashi, oili mpya, filta mpya, akapewa gari anashukuru. Haikupita muda, yuko njiani anatoka Kondoa, maeneo ya karibu na Haneti taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka gari ikipunguza mwendo, inazima, inawaka tena. Bahati nzuri alizima injini palepale akaomba kuvutwa. Tulipofungua sampu tukaikuta ile chujio ya waya iliyo mdomoni mwa bomba la kunyonyea oili imezibwa zaidi ya nusu, vipande vyeusi vimekaa maganda maganda, ukikivunja kimoja kwa kucha kinapasuka, ndani kimekauka. Na stiki ilikuwa inaonyesha oili imejaa! Imejaa chini lakini haipandi juu. Angekaza mwendo mpaka mjini metali za kranki, vile vyuma laini ambavyo mhimili wa injini unazungukia, zingeondoka, na hapo unaongelea injini nyingine.

Uchafu ule ulikuwa umejishikiza kwenye kuta miaka na miaka. Dawa haikuuyeyusha wote, iliubandua tu, na ukishabanduka unaelekea chini kwenye chujio kabla hata filta haijauona.

Gari ya namna ile inahitaji mkono. Kabla ya kitu chochote fungua kifuniko cha kujazia oili umulike na tochi ya simu, ukiona chuma kina rangi ya kahawia au dhahabu funga, uko salama. Ukiona weusi mzito umejaa, mwambie fundi afungue kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, akwangue na kufuta kwa kitambaa, ashushe sampu aoshe na ile chujio, warudishe na gaskiti mpya. Halafu weka oili nzuri, uimwage mapema, kilomita 1,000 au 2,000 hivi, filta mpya, urudie tena. Oili itasafisha taratibu na filta itakamata kidogo kidogo. Ni gharama, najua.

Na kwa nini tope linatokea? Kuchelewesha oili, joto, na hizi safari fupi fupi, mtu anatoka Area D mpaka sokoni anazima, injini haijapata moto vizuri, mvuke wa maji na petroli vinabaki ndani ya oili. Hata Toyota mwaka 2002 kule Marekani walilazimika kuongeza muda wa kugharamia matengenezo ya tope kwa baadhi ya injini za gari za 1997 mpaka 2002, wao wakisema watu hawamwagi oili kwa wakati na wenye magari wakibisha. Kwetu ongeza vumbi, mtu anayekaa Nkuhungu au Nzuguni barabara za ndani, au anayezunguka vijiji vya Chemba na Mpwapwa, anajua filta ya hewa inavyotoka nyekundu. Vitabu vya magari mengi vinahesabu vumbi na safari fupi kuwa ni matumizi magumu na vinataka upunguze kilomita za servisi, mara nyingi iwe nusu. Hela ya flashi iweke hapo, kwenye filta halisi ya oili, filta ya hewa, na ile valvu ndogo ya kupumulia injini inaitwa PCV, hiyo ikiziba tope linakuja haraka na ni wachache sana wanaoikagua. Siku ya kumwaga mwambie fundi injini iwe na moto wa kutosha, gari isimame sawasawa, aache oili idondoke mpaka iishe, asifunge bolti haraka haraka.

Halafu ukifungua kifuniko ukakuta oili imekuwa chai ya maziwa, hapo maji yameingia, mara nyingi ni gaskiti ya silinda hedi. Usikubali dawa yoyote ya chupa, na usiiwashe tena, ivutwe mpaka kwa fundi.