Nililewa Supu, Sikulewa Pombe

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyoirekodi rafiki yangu Kidevu, nisikilizeni na mimi. Najua imeshafika kwenye kundi la familia, maana shangazi ameniandikia "Pole mwanangu, tunakuombea," na shangazi hajawahi kuniombea bila sababu. Kidevu anasema nililewa pilipili mchana kweupe huko Okinawa, nikaanguka mbele za watu, wakaitwa wazee wawili wanirudishe hotelini. Kila neno ni kweli. Uchokozi uko kwenye namna alivyoyapanga, na kwenye kile kicheko cha katikati.

Haya. Okinawa, Mei, mvua. Wanaokaa Japani wanajua: kule kusini msimu wa mvua unawahi, unaingia Mei wakati Tokyo bado watu wanaanika magodoro, na unaondoka karibu na mwisho wa Juni. Nani anaenda kutalii kisiwa cha bahari msimu huo? Mtu aliyepangiwa safari na Kidevu. Ratiba yake ilikuwa hivi: asubuhi kasri la Shuri, mchana soba (tambi za supu), alasiri pango la Gyokusendo kwa sababu chini ya ardhi mvua haikufuati (njia ya wageni ni mita 890 na joto linakaa kwenye nyuzi 21 hivi mwaka mzima), usiku soko la Makishi kula samaki. Gari la kukodi. Dereva mimi, maana mwenye leseni ya Japani kati yetu ni mimi peke yangu. Hilo la leseni mlishike, tutalihitaji.

Shuri sina mengi. Jumba kuu liliungua Oktoba 31, 2019, likaanza kujengwa upya, na sisi tulikuta mafundi bado wanahangaika nalo. Tulipiga picha kwenye lango la Shurei, lile lililo kwenye noti ya yeni 2,000. Japani bara hiyo noti unaweza kukaa mwaka usiione, Okinawa unarudishiwa chenji nayo bila mtu kushangaa.

Kutoka kasri tukashuka barabara ya mawe ya Kinjo, ya tangu enzi za wafalme wa Ryukyu, ufalme wa zamani wa visiwa hivi. Ni nzuri kweli, kuta za mawe pande zote na miti mikubwa ya akagi pembeni. Lakini yale mawe ni chokaa, yamesuguliwa na miguu ya karne na karne, yakilowa yanakuwa sabuni. Ukienda siku ya mvua, kanyaga kwenye maungio kati ya jiwe na jiwe, usikanyage mgongo wa jiwe. Geuza mguu upande, shuka ukiwa karibu na ukuta, na raba za soli bapa ziache hotelini. Kidevu alivaa raba za soli bapa. Alikaa chini bila kupanga, akainuka, akakaa tena. Kwenye ile sauti yake hamkulisikia hilo, au siyo?

Tukapanda tena hadi kwenye gari, mimi nikaendesha taratibu, kwa sababu hata lami ya Okinawa imechanganywa na kokoto za chokaa, mvua ikinyesha inateleza kuliko ya bara. Breki unaikanyaga mapema na kidogo kidogo. Nasema hivi mjue dereva alikuwa makini. Saa saba hivi tukafika kwenye kaduka ka soba, sitaji jina kwa sababu wale watu hawana kosa lolote. Uani panaegeshwa magari matatu, letu likawa limekaa mbele ya dirisha kabisa, linaonekana na kila mtu ndani. Hilo nalo lishikeni.

Unavua viatu mlangoni, unakaa chini kwenye mkeka wa tatami, meza fupi. Soksi zimelowa chapachapa. Nikakunja miguu chini yangu nizifiche nyayo, nikakaa vile vile, kwa heshima, muda wote wa chakula. Na hili lishikeni. (Najua mikono imejaa sasa. Vumilieni.)

Soba ya Okinawa ni tambi za ngano, nene, zina ukinzani mdomoni. Supu yake ni mifupa ya nguruwe na samaki wa katsuo aliyekaushwa, nyepesi kuliko unavyotegemea. Juu unawekewa kiti moto: ama kile kipande cha tumbo chenye ngozi, mafuta na nyama kwa tabaka, ama mbavu zilizochemshwa mpaka mfupa unaachia wenyewe. Mimi niliagiza mbavu. Halafu kuna tangawizi nyekundu, kitunguu cha majani, na kila meza ina kichupa.

Kichupa.

Watu wa Tanga, hapa ndipo nataka mnitetee. Kichupa cha kioo, kimejaa pilipili ndogo nyekundu, zile saizi ya pilipili kichaa, zimeloweshwa kwenye kitu cheupe kama maji. Nyumbani hicho ni nini? Ni siki! Ni pilipili ya siki, iko juu ya meza ya kila mama, unamimina juu ya wali, unamimina juu ya maharage, maisha yanaendelea. Hakuna mtoto wa pwani atakayekiona kile kichupa asimimine. Kidevu ni wa Singida, hawezi kuelewa.

Basi kile kitu wanakiita koregusu. Kinatengenezwa hivi: unachukua pilipili za kisiwa, unaosha, unakausha maji yote (ikibaki na maji inaharibika), unajaza kwenye chupa, halafu unamiminia awamori, unaacha wiki kadhaa. Awamori ni nini? Ni pombe. Pombe ya mchele, ya kukeneka, siyo ya kuchachusha tu na kuchuja. Ya kawaida ni asilimia 30, na ziko za 43. Chupa ikipungua, mwenye duka anaongezea awamori juu ya pilipili zile zile, inaendelea. Matumizi: kwanza onja supu tupu ilivyo, kisha tone mbili tatu, koroga, onja. Ndiyo maana kifuniko kina kitundu cha kudondoshea.

Mimi kitundu nilikiona kinachelewesha. Nikafungua kifuniko.

Nilimimina mzunguko mmoja wa bakuli, kwa mkono wa mtu anayejua anachofanya. Nikaonja. Pilipili ipo, nzuri, lakini ule uchachu wa siki siusikii. Mtu mwenye akili angenusa. Pua yangu ilikuwa imeziba na mvua tangu asubuhi. Nikajiambia hawa siki yao ni nyepesi, labda wanachanganya na maji. Nikamimina mzunguko wa pili, na wa kufidia. Kidevu akaniambia, "Taratibu." Nikamwambia, "Tulia, hii kwetu ni uji."

Nikainama kwenye bakuli, ule mvuke ukanipanda usoni ukaniziba pumzi. Fizikia yake ndogo tu: kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78, supu ya soba inaletwa ya moto hasa, kwa hiyo cha kwanza kukufikia si supu, ni mvuke wa awamori na pilipili kwa pamoja. Machozi yakatoka. Meza ya pili kulikuwa na wazee wanne, wakanitazama, mmoja akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, kama anamsalimia bingwa wa sumo. Sasa ningeacha? Mbele ya wazee? Nikanywa. Tambi zikaisha, mbavu zikaisha, nikanyanyua bakuli kwa mikono miwili nikamaliza supu mpaka chini. Tumbo likawa na joto zuri la ajabu. Nikaanza kumweleza Kidevu kuwa yeye ni rafiki wa kweli.

Bibi mwenye duka akaja kutoa vyombo. Mfupi, aproni ya maua, umri wa nyanya yangu. Akachukua kile kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimejaa tulipokaa, sasa pilipili zimebaki zimekauka juu, maji yako chini. Ukisema mililita 60 zimeondoka hudanganyi.

"Kaka," akasema, "hii yote wewe?"

"Ndiyo, bibi. Tamu sana. Asante kwa chakula."

Hakucheka. Macho yake yakatoka kwenye kichupa, yakaenda mezani, kwenye funguo yenye lebo kubwa ya njano ya gari la kukodi. Yakatoka kwenye funguo, yakaenda dirishani, kwenye gari. Yakarudi kwangu.

"Anaendesha nani?"

Nikanyoosha kidole. Kujielekezea mwenyewe. Kwa fahari.

Akavuka mikono miwili kifuani, alama ya X, akasema "Dame!", yaani haifai, kwa sauti iliyofika jikoni, akaichukua funguo, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Duka zima kimya. Mvua tu inasikika. Akanieleza polepole, kila neno peke yake, namna anavyoelezwa mlevi, kwamba ile ni awamori.

Sasa ndugu zangu, mimi sinywi. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Nikaona aibu ya kwanza ni kusingiziwa ulevi, na dawa yake ni moja: nisimame wima, niongee vizuri, watu waone. Nikasema, "Bibi, mimi sijalewa, tazama," nikainuka.

Miguu haikuwepo.

Ile kukalia miguu nusu saa na zaidi, damu haipiti, kuanzia magotini kushuka ni ganzi tupu. Wenyeji wamezoea tangu utoto, na hata wao hubadilisha mkao kijanja. Mimi nilisimama juu ya vitu viwili ambavyo sikuvisikia. Nikaona ukuta unahama kushoto. Nikaona, polepole kabisa, bango la bia likinipita. Nikasema kwa Kiswahili, "Ni miguu, ni miguu!" Nikatafuta meza, mkono ukatua kwenye bakuli la tangawizi nyekundu, bakuli likapinduka, mimi nikalala ubavu kwenye tatami karibu na wale wazee, soksi moja imechomoka nusu, vidole vimeshika tangawizi. Mzee aliyekuwa ananiheshimu akavuta glasi yake ya maji pembeni. Nikiwa pale chini, bado najieleza. "Miguu tu, baba. Ganzi." Nikamsikia bibi akiwaambia jikoni wapige simu.

Kidevu mpaka hapo alikuwa anarekodi. Akaacha kucheka alipoelezwa sheria. Japani kipimo kinaanza miligramu 0.15 za kilevi kwa lita ya pumzi, na mtu asiyezoea, mwenye glasi moja ya kitu cha asilimia 30 tumboni, anaweza kufika hapo bila kujua. Adhabu ni hadi miaka 3 jela au faini hadi yeni 500,000, na leseni inasimamishwa siku 90, ikifika 0.25 inafutwa kabisa. Na tangu 2007 hawamwachi aliyekupa kilevi akijua unaendesha, wala abiria aliyepanda akijua. Kwa hiyo bibi alikuwa anajilinda yeye, ananilinda mimi, na anamlinda huyu wa Singida. Abiria ni hadi yeni 300,000. Hapo Kidevu akakaa chini, safari hii kwa hiari.

Yaliyobaki ni mafupi. Okinawa kuna huduma wanaita daiko: wanakuja watu wawili na gari lao, mmoja anaendesha gari lako na wewe ndani, mwenzake anafuata nyuma ili wapate usafiri wa kurudi. Anayeendesha lako lazima awe na leseni ya daraja la pili, ile ya kubeba abiria kwa malipo. Kazi yao hasa ni usiku, kwa hiyo mchana tulisubiri karibu saa nzima, nimepewa chai ya jasmini, wazee wananipigia makofi kila nikijaribu vidole vya miguu. Wakaja wazee wawili na kigari kidogo cheupe. Kidevu, kwa aibu ya kuonekana na mimi, akataka kupanda la nyuma. Wakamkatalia. Gari linalofuata haliruhusiwi kubeba mteja, wakimbeba wanakuwa teksi isiyo na kibali. Akapanda na mlevi wake. Dereva akauliza kwa adabu nilikunywa nini. Nikasema, "Soba." Akawasha waipa, akakaza macho mbele, mabega yakawa yanatikisika mpaka hotelini.

Pango hatukuliona. Soko tulienda usiku kwa treni ya reli moja, tukala samaki anaitwa gurukun, wa kukaanga mzima, ukimkaanga vizuri unatafuna mpaka mapezi. Daiko ilikuwa yeni 1,500, nimelipa mimi. Kidevu, kwa kuwa unasoma: ulipanda, kiti cha nyuma, kushoto. Nusu ni yeni 750, na namba yangu unayo.