Daktari, niulize na njiwa

Ukikohoa wiki mbili hapa Mwanza, kila mtu anajua pa kuanzia: makohozi yapimwe TB. Sawa kabisa, na tusiache. Ugomvi wangu ni kinachofuata majibu yakitoka hamna kitu. Utaulizwa sigara, utapewa vidonge, vikishindwa utaambiwa una pumu. Sijasikia bado mgonjwa akiulizwa, "Nyumbani mnafuga nini?"

Na mabanda yamejaa mitaani. Panda Mabatini asubuhi, utamkuta mzee juu ya kigoda anakwangua kinyesi kikavu cha njiwa, shati la bluu limegeuka jeupe mabegani. Weupe ule si kinyesi peke yake. Manyoya ya njiwa hutoa unga laini sana, unaoweza kufika hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu. Wafugaji wengi wanauvuta miaka yote wasidhurike. Kwa wachache, kinga ya mwili inaugeuza adui.

Anayevuta mwingi kwa mpigo ana nafuu, kwa maana fulani: saa chache baadaye anapata homa, baridi na kubanwa kifua (atadhani malaria, nani asingedhani?), lakini angalau ameshtuka. Wa kuhurumiwa ni yule anayevuta kidogo kidogo kila siku. Seli za kinga hujazana kandokando ya vijia vidogo vya hewa na kufanya vinundu viitwavyo granuloma. TB nayo ina granuloma, ila za kwake kwa kawaida huoza katikati. Hizi za unga wa njiwa haziozi, tena mara nyingi hazijajifunga vizuri. Uvimbe ukidumu, kovu linaanza. Kuta za vifuko zinanenepa, mapafu yanakakamaa, na hali ikifika mbali picha ya CT scan huonyesha matundumatundu kama sega la nyuki. Dawa za steroidi zinaweza kupoza uvimbe, kovu hazilifuti.

Kwetu milimani dalili yenyewe inapata pa kujificha. Mtu anakata pumzi kwenye ngazi za mawe, watoto wanamwambia, "Uzee huo, baba," na yeye anakubali.

Najua swali hili litakera. Wengi tumekua tukiambiwa njiwa hawakai kwenye nyumba yenye ugomvi, kwa hiyo ukimwambia mtu awaondoe, anasikia umemwambia afukuze baraka. Atauliza kama barakoa haitoshi. Inapunguza vumbi, lakini aliyekwisha kuugua anatakiwa kuachana na ndege wenyewe, na hata wakiondoka vumbi lao hubaki ndani ya nyumba kwa miezi, kwenye mapazia, magodoro na dari.

Halafu swali lenyewe liulizwe kwa upana. Nyumba za mlimani zimebebana, dirisha la huyu linatazama banda la yule. Mgonjwa akijibu hafugi chochote, anasema kweli. Aulizwe na jirani anafuga nini, na mto anaolalia umejazwa nini.