Nimesanifiwa, na Sina wa Kumshitaki

Jumatatu nilivaa koti la mtumba nililolinunua sokoni Karume, ambalo mikono yake hunifika kwenye kucha, nikapanda daladala ya Mbagala. Kondakta alinipokea kwa adabu kubwa: "Karibu, Mheshimiwa Balozi! Walinzi umewaacha wapi?" Abiria wakacheka, nami nikatabasamu hadi kituo cha Rangi Tatu, tena nikiwa nimesimama. Jioni nilipomsimulia mke wangu, alilazimika kukaa chini kwa kicheko. "Baba Asha, walikuwa wanakusanifu."

Wananisanifu! Neno hili nimelistahi tangu shuleni, mwalimu alipotukataza lugha ya vijiweni na kutuamuru tuandike Kiswahili sanifu, yaani kile ambacho msingi wake, Kiunguja, uliteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kusanifu ni kubuni na kutunga kwa ustadi, na anayechora ramani za majengo huitwa msanifu. Sasa inakuwaje neno lenye hadhi hiyo literemke barazani kumcheka mtu kwa sababu ya koti?

Nimelitafakari usiku kucha, na naona ustadi wenyewe ndio uliolifikisha huko. Anayekuzomea hahitaji ufundi, mapafu yanamtosha. Anayekukejeli utamjua, kwa kuwa mdomo wake umepinda. Lakini anayekusanifu hukutungia sifa, akakupimia cheo kinachokupwaya kama lile koti, kisha akakuvisha mbele ya watu huku wewe ukishukuru. Ndiyo maana aliyeshtuka mapema husema, "Usinisanifu, bwana," naye mwenzake huapa kwamba alikuwa akimsifu tu. Ushahidi utautoa wapi, ikiwa kila neno alilotamka ni la heshima? (Hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu siku hizi naipita rafuni kwa wasiwasi, nisijue jina lake linanielekea kwa maana ipi.)

Jana shemeji yangu aliniletea kijana nadhifu, mwenye karatasi ndefu zilizokunjwa kwapani, akamtambulisha kuwa ni msanifu. Tulimpeleka kwenye kiwanja changu, ambacho kwa miaka kumi na mmoja kimeota magugu na lundo moja la kokoto. Alikizunguka taratibu, akasimama kando ya lile lundo, akasema, "Mzee, hapa pana kasri."

Sijamjibu hadi leo.