Zanzibar kwa Shilingi 200

Kwa kuwa rafiki yangu niliyesafiri naye amekwisha kuitangaza habari hii kuanzia Katuba hadi Ruashi, yaani Lubumbashi yetu nzima huku Kongo, na kwa kuwa katika masimulizi yake kuna machozi ambayo mimi sikuyatoa, naona afadhali muisikie kwa mwenyewe. Vijana wa soko la Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi) wameanza kuniita Sultani, na hata mama anayeniuzia unga wa bukari, yaani ugali, ameniuliza kama huko kisiwani nimeacha wake wangapi.

Mnajua kwamba sisi wa Lubumbashi huenda Dar es Salaam kwa ajili ya Kariakoo. Tunapita Kasumbalesa, tunaimaliza Zambia, tunaingia Tunduma, na hadi tufike Morogoro miguu imevimba kiasi cha kukataa viatu. Safari hii mzigo ulichelewa kufungwa, nami nikaapa kwamba sitarudi bila kuikanyaga Zanzibar. Kikwazo kilikuwa fedha, kwa maana boti iendayo kasi humtoza mgeni zaidi ya dola 30 kwa kwenda tu, wakati mwenyeji hulipa pungufu sana. Yaya mmoja (ndivyo sisi tumwitavyo mkubwa wetu) mzoefu wa Kariakoo akaninong'oneza siri: nisilitaje kabisa jina la Zanzibar, kwa sababu wageni hujulikana kwa kulitaja, bali niseme Kiswahili kilichonyooka, nami nitapewa bei ya wenyeji. Aniambie mimi habari za Kiswahili kilichonyooka, mimi ninayeandika matangazo ya ndoa ya parokia yetu bila kusahihishwa na mtu?

Nikamwomba dereva wa bajaji anipeleke feri, naye, bila kosa lolote, akanipeleka Feri, pale Magogoni kwenye soko la samaki. Boti za Zanzibar huondokea kwingine, upande wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, lakini hilo mtu hulijua akiisha kuaibika. Dirishani nikatamka kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ndugu, tafadhali, naomba tiketi moja ya kwenda ng'ambo." Akanitoza shilingi 200. Hakuniuliza nimetoka wapi! Nilisogea pembeni nikajipongeza, nikiamini kwamba sarufi yangu imeniokolea dola 30.

Msinicheke bado. Ndiyo, chombo kilikuwa kimeandikwa MV Kigamboni, lakini basi lililoandikwa Yerusalemu halimpeleki mtu Yerusalemu. Ndiyo, nilikuwa nimeambiwa kwamba safari ni ya saa mbili hivi, lakini mtoto wa Katanga aliyekulia mbali na maji mengi hapimi saa akiwa baharini. Hufumba macho na kushika rozari. Sikufika mbali katika rozari kabla watu hawajaanza kushuka. Nikajirekodi video fupi, nikamtumia mama, nikisema kwamba mwanawe anavuta hewa ya Zanzibar.

Sasa tufike panapouma. Nilikuwa nimesikia kwamba Zanzibar hukagua pasipoti ya mgeni hata akitokea bara. Basi nikaishika yangu mkononi, nikamtafuta mtu mwenye sare, nikampata mlinzi mmoja mzee karibu na geti. Nikampa shikamoo na pasipoti kwa pamoja. Akaitikia marahaba, akalamba kidole, akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja, akaipita mihuri yote ya Zambia bila haraka, huku watu, baiskeli na ndoo za samaki vikitupita pande zote mbili. Kisha akauliza:

"Mwanangu, unataka nikusaidie nini?"

"Muhuri wa kuingia, mzee."

"Kuingia wapi?"

Pikipiki ilikuwa ikinguruma nyuma yetu, kwa hiyo nililazimika kupaza sauti. Pikipiki ile ikazimika wakati jina la Zanzibar limefika katikati ya kinywa changu, na nusu iliyobaki ikasikika hadi kwa wauza mihogo. Mama mmoja aliitua ndoo yake chini ili acheke vizuri. Mzee hakucheka. Alinishika bega, akanigeuza polepole nitazame nilikotoka, akaninyooshea kidole majengo marefu yaliyokuwa yakitutazama kutoka upande wa pili wa maji. "Lile ni jiji la Dar es Salaam. Hapa ni Kigamboni. Wala si kisiwa, mwanangu. Daraja limefunguliwa tangu 2016, hata kwa basi ungefika." Akaipangusa pasipoti yangu kwa mkono wa shati, akanirudishia kwa mikono miwili. Angenitukana ningepata nafuu.

Nilirudi kwa shilingi 200 nyingine, mzigo ukafungwa, nauli ya boti ya kweli ikaishia kwenye ushuru, tukapanda basi. Wakati huo mama alikuwa amekwisha kuionyesha video kwa kwaya nzima na kuniagiza karafuu za kisiwani. Nilizinunua Kariakoo. Amezigawa kwa majirani, na wote wanakiri kwamba harufu hiyo huipati kwa karafuu za hapa sokoni.

Kwa hiyo, rafiki yangu, maadamu umekwisha kuwasimulia wengine wote, nakuomba Jumapili usipite nyumbani.