Abby Wambach na hesabu ya vichwa 77

Mtaje Abby Wambach mbele ya mtu anayefuatilia soka la wanawake, na kabla hujamaliza sentensi atakuambia: yule wa vichwa. Ni kweli. Katika mabao 184 aliyoifungia timu ya taifa ya Marekani hadi alipostaafu Desemba 2015, 77 aliyafunga kwa kichwa. Namba hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namna inavyotumika: inatajwa kama sifa, halafu papo hapo inageuzwa kuwa shutuma. Kwamba alikuwa mrefu tu, mita 1.80, anasimama mbele anasubiri krosi. Kwamba kwa ajili yake Marekani walizoea kubutua mipira ya juu wakati wenzao, hasa Japan na Ufaransa, wanajifunza kuuchezea mpira chini.

Shutuma hiyo ina miguu, na ni haki niieleze kwa nguvu zake zote. Wambach alicheza Kombe la Dunia mara nne. Mwaka 2003 na 2007, akiwa kinara wa mashambulizi, Marekani walitolewa nusu fainali. Mwaka 2011 walipoteza fainali kwa Japan. Mwaka 2015 hatimaye wakalibeba, lakini kuanzia robo fainali Wambach alikuwa anaanzia benchi, na katika ile fainali ya 5-2 dhidi ya Japan aliingia dakika ya 79 mambo yakiwa yamekwisha. Ongeza Olimpiki ya 2008: wiki tatu kabla ya michezo ya Beijing alivunjika mguu katika mechi ya kirafiki na Brazil mjini San Diego, akabaki nyumbani, na timu ikaenda kuchukua dhahabu bila yeye. Ukiyapanga hivyo, unapata picha ya timu iliyokuwa ikipumua vizuri zaidi kila alipokaa pembeni.

Nimeisikia hoja hii kutoka kwa watu wanaoujua mpira, na kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Kilichonibadilisha ni kurudi kwenye mechi zenyewe badala ya orodha ya makombe.

Chukua 2007. Ile nusu fainali Marekani walipigwa 4-0 na Brazil. Lakini kabla ya mechi kocha Greg Ryan alimweka benchi kipa wake namba moja, Hope Solo, akamrudisha Briana Scurry ambaye hakuwa na mechi miguuni. Bao la kwanza Marekani walijifunga wenyewe kupitia Leslie Osborne, kisha Shannon Boxx akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Katika mashindano hayo Wambach alifunga mabao sita. Utamlaumu vipi mshambuliaji kwa hayo?

Fainali ya 2011 ndiyo inanishangaza zaidi, maana ndiyo inayotajwa sana kama ushahidi kwamba pasi za Japan zilizishinda krosi za Marekani. Dakika ya 104, katika muda wa nyongeza, Alex Morgan alipiga krosi, Wambach akaitia nyavuni kwa kichwa, ikawa 2-1. Homare Sawa akasawazisha dakika ya 117. Zikaja penalti, Japan wakashinda 3-1. Ile moja ya Marekani aliipiga nani? Wambach. Boxx, Carli Lloyd na Tobin Heath walikosa. Mtu aliyefunga ndani ya mechi na akafunga kwenye penalti ndiye anayebebeshwa mzigo wa kushindwa.

Na Beijing? Dhahabu ile ilipatikana kwa jasho. Mechi ya kwanza walifungwa 2-0 na Norway, na fainali ikaamuliwa kwa bao moja la Lloyd katika muda wa nyongeza. Inathibitisha kwamba Marekani walikuwa na wachezaji wengi wazuri, jambo ambalo hakuna aliyelibisha. Haithibitishi kwamba Wambach alikuwa kizuizi, maana dhahabu mbili nyingine za kipindi chake, Athens 2004 na London 2012, yeye alikuwepo. Athens ni kichwa chake kilichoamua fainali: kona ya Kristine Lilly, dakika ya 112, Brazil wakalala 2-1.

Sasa turudi kwenye ile namba, kwa sababu naona watu wanaisoma nusu. Toa 77 kwenye 184. Yanabaki 107. Hebu tuliza macho hapo kidogo. Mabao 107 ambayo hakuyafunga kwa kichwa. Tiffeny Milbrett, mmoja wa washambuliaji hatari kuwahi kuvaa jezi ya Marekani, alimaliza na mabao 100 kwa jumla, ya kichwa na ya mguu. Yaani ukimkataza Wambach kupiga kichwa hata mara moja maisha yake yote, ukayafuta yote 77, bado yuko mbele ya Milbrett. Huyo ndiye tunayeambiwa hakuwa na miguu.

Igeuze pia upande wa pili. Mia Hamm, Mmarekani mwenzake aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mabao ya timu za taifa kabla yake, alifunga 158 katika mechi 276. Christine Sinclair wa Kanada, aliyeivunja rekodi ya Wambach mwaka 2020, alistaafu na mabao 190 katika mechi 331. Wote wawili wako kwenye wastani wa 0.57 kwa mechi. Wambach alifunga 184 katika mechi 256: wastani wa 0.72. Siku alipomvuka Hamm, Juni 20, 2013, dhidi ya Korea Kusini pale New Jersey, hakumvuka kwa kunyata. Alipiga manne siku hiyohiyo, yote kipindi cha kwanza.

Hapo ndipo wengine husema, sawa, alikuwa mfungaji, lakini kufunga kwa kichwa ni urefu tu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mabeki warefu wamejaa duniani. Mtazame Wambach kabla ya krosi kupigwa. Hasimami mbele ya beki, anajificha nyuma yake, upande asioweza kumwona bila kugeuza shingo. Beki akigeuka kumtafuta, anaupoteza mpira. Akiutazama mpira, anampoteza Wambach. Kisha anachelewa. Anaacha mpira uwe hewani kwanza, anasoma unakoangukia, ndipo anaanza mbio zake, hatua mbili tatu, ili aruke akiwa anakwenda wakati beki anaruka akiwa amesimama. Huo ni uamuzi unaofanywa chini ya sekunde moja, akijua pia kwamba kiwiko au kisogo cha mtu kinamsubiri huko juu.

Lile bao la Dresden, Julai 10, 2011, robo fainali na Brazil, linaonyesha yote hayo. Marekani wako kumi tangu dakika ya 65, Rachel Buehler ana kadi nyekundu. Brazil wanaongoza 2-1 kwa mabao mawili ya Marta, la pili likiwa la muda wa nyongeza. Érika wa Brazil amelala chini kupoteza muda, ametolewa kwa machela, kisha ameruka kutoka kwenye machela hiyo akiwa mzima, na mwamuzi ameziongeza dakika hizo. Lloyd anauburuta mpira katikati, anampa Megan Rapinoe kushoto, Rapinoe anagusa mara moja, anaachia kwa mguu wa kushoto kutoka mbali. Kipa Andréia anatoka, ananyoosha mikono, haufikii. Nyuma yake, nguzo ya mbali, Wambach amekwishafika. Dakika ya 122. Marekani wakashinda kwa penalti 5-3. Krosi ya mbali namna ile haipigwi kwa kubahatisha. Rapinoe aliipiga kwa sababu alijua nani yuko mwisho wake.

Kwa hiyo timu iliyomtumia hivyo ilikuwa inafanya akili, si uvivu. Ukiwa na mtu wa namna hiyo halafu ukamnyima krosi, mwenye kosa ni wewe.

Nitakubali jambo moja kwa wanaompinga. Mazoea yalikuwepo. Zipo mechi ambazo Marekani wakibanwa walirusha mpira mbele wakamtafuta Wambach hata pale palipokuwa na njia fupi chini, na kocha Jill Ellis alipomweka benchi 2015 nafasi ya viungo wake ilifunguka. Ellis hakukosea. Lakini wakati huo Wambach alikuwa na miaka 35. Kumtumia mwaka wake wa mwisho kuhukumu miaka kumi na minne ni kumwonea.

Kuna gharama nyingine ninayoiona nzito zaidi ya mbinu, nayo ni kichwa chenyewe. Aprili 2013, katika mechi ya ligi ya Marekani, mpira uliopigwa kwa nguvu kutoka karibu ulimgonga kichwani, akaanguka, akainuka, akaendelea kucheza hadi mwisho. Hakupaswa kuachwa uwanjani, na waliokuwa na mamlaka ya kumtoa hawakumtoa. Novemba 2015, mwezi mmoja kabla ya mechi yake ya mwisho, shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga vichwa, kufuatia kesi iliyofunguliwa kuhusu majeraha ya ubongo. Hatua hiyo haikumlenga yeye. Hata hivyo kila ninapoitaja ile 77 nawakumbuka wasichana waliokuwa mazoezini wakiruka kumwiga, na nakubaliana na katazo hilo kwa moyo wote. Mtu anaweza kuipenda kazi ya Wambach na bado asitake mtoto wa miaka minane airudie.

Nimalizie na Vancouver, Juni 16, 2015, mechi ya makundi na Nigeria. Uwanja ulikuwa wa nyasi bandia, zilezile ambazo Wambach na wenzake walizifungulia shauri mwaka mmoja kabla, wakidai wanaume hawangepangiwa Kombe la Dunia juu yake, kisha wakaliondoa Januari bila kupata walichotaka. Mapumziko yanakaribia, 0-0. Rapinoe anakwenda kupiga kona. Mpira unavuka kila mtu hadi nguzo ya mbali, na Wambach yuko pale, kama kawaida yake. Safari hii mpira uko chini mno kwa kichwa. Anaupiga juu kwa juu kwa mguu wa kushoto, unaingia. Super Falcons wanatolewa kwa bao hilo, bao lake la 14 na la mwisho katika Kombe la Dunia.